Ndege za Wanahewa Wetu: Zilizostaafu na Zinazopaa Bado

Wiki hii naweka msimbo kando kidogo. Nataka tuzungumze kuhusu ndege za jeshi letu la wanahewa. Msiogope, hatuendi mbali na mambo yetu ya kawaida. Ukiisoma orodha ya ndege hizo kuanzia 1964 hadi leo, utakutana na swali ambalo kila mwandishi wa programu analijua: chombo kimeshanunuliwa, sasa nani atakitunza?

Haya, tuanze mwanzo.

Jeshi la wanahewa la Kenya liliundwa tarehe 1 Juni 1964 kwa msaada wa Uingereza. Makao yake yalikuwa Eastleigh, Nairobi, kwenye kiwanja ambacho Waingereza walikuwa wakikitumia, na ambacho pia kilikuwa uwanja wa ndege wa abiria hadi Embakasi ilipofunguliwa 1958. Ndege za kwanza zilikuwa ndogo na za kazi za kawaida: Chipmunk za kufundishia marubani, na Beaver za kubeba watu na mizigo midogo hadi viwanja vya vumbi. Baadaye zikaja Caribou, kubwa zaidi lakini nazo zikiweza kutua pahali pafupi. Zote hizi tatu zilitoka kwenye michoro ya kampuni moja ya Kanada, de Havilland Canada. Kwa nchi yenye kaskazini pana na barabara chache, hilo lilikuwa chaguo la busara.

Ndege za vita zilikuja miaka ya 1970. Strikemaster 6 zilifika 1971, kisha Hawker Hunter kuanzia 1974. Hunter ilikuwa imeruka mara ya kwanza 1951, kwa hivyo tulizipokea zikiwa tayari zimezeeka. Hazikukaa sana, na baadhi yake ziliuzwa Zimbabwe.

Kwa nini haraka yote hiyo? Tazama ramani ya wakati ule. Somalia ilikuwa na ndege za MiG kutoka Urusi. Uganda ya Idi Amin nayo ilikuwa na MiG, na mapema 1976 Amin alidai kwamba sehemu za magharibi mwa Kenya ni za Uganda. Mwaka huohuo Marekani ikakubali kutuuzia F-5 12. Zilianza kufika 1978 na kuwekwa Nanyuki. Hapo ndipo Kenya ilipopata ndege ya kwanza inayoshinda kasi ya sauti.

Kisha likaja jambo ambalo wengi wetu tulilisikia kwa minong'ono tu nyumbani. Alfajiri ya tarehe 1 Agosti 1982, wanahewa wa vyeo vya chini walijaribu kupindua serikali. Huko Nanyuki, marubani walilazimishwa kuruka na mabomu ili washambulie Nairobi. Mabomu hayo yaliishia kwenye msitu wa Mlima Kenya. Jaribio liliposhindwa, kiongozi wao, Hezekiah Ochuka, alitoroka hadi Tanzania kwa ndege ya uchukuzi aina ya Buffalo. Alirudishwa, akahukumiwa, akanyongwa 1987.

Jeshi zima la wanahewa likavunjwa. Lilipoundwa upya halikurudishiwa jina lake. Liliitwa Jeshi la Wanahewa la '82, na jina hilo likadumu hadi 1994. Sisi tukibadilisha jina la mradi tunajua kwamba historia yake inaanza kupotea: anayekuja baadaye hatafuti jina la zamani, kwa hivyo halipati. Fikiria sasa mtu aliyejifunza kutengeneza injini za ndege kwa miaka kumi, kisha jeshi lake likavunjwa kwa siku chache. Ndege zilibaki Nanyuki na Eastleigh, lakini ujuzi mwingi ulikuwa kichwani mwa watu, na wengi wao walikuwa kizuizini au wamefukuzwa.

Hata hivyo F-5 ziliendelea kuruka. Hapa wenzangu wa kompyuta watafurahi. Injini yake, J85 ya General Electric, ilibuniwa mwanzoni kwa ajili ya kifaa cha kuhadaa rada za adui, kifaa kilichokusudiwa kuruka safari moja tu na kuishia hapo. Injini hiyohiyo imebeba marubani kwa zaidi ya miaka 60. Nadhani kila mmoja wetu anaijua programu iliyoandikwa iwe ya muda tu, na leo ndiyo inayolipa mishahara ya kampuni nzima.

Lakini ndege kuu huhitaji vipuri. Northrop waliacha kuunda F-5 mwaka 1987. Basi miaka ya 2000 ilipokaribia kwisha, Kenya ikanunua F-5 zilizokwisha kutumiwa na Jordan. Kulikuwa na kelele: mbona tunanunua mitumba? Mimi naona kelele ile ilikosa swali lenyewe. Ukiwa na mafundi wanaoijua ndege, marubani wanaoijua, na vifaa vya kuikagua, ndege ya pili ya aina hiyohiyo inaweza kuwa nafuu kuliko mpya ambayo hakuna anayeijua. Swali la kuuliza lilikuwa hili: vipuri vitatoka wapi, kwa miaka mingapi, na kwa bei gani? Kuanzia 2011 jeshi letu lilipoingia Somalia, ndege za F-5 ndizo zilizotumwa kushambulia. Muundo wake ulikuwa umeruka mara ya kwanza 1959, miaka minne kabla ya uhuru wetu.

Zipo pia ndege zisizopendwa na wapiga picha, nazo ndizo zilizofanya kazi nyingi. Bulldog zilifundisha vijana kuruka kwa miongo kadhaa kabla ya Grob za Ujerumani kushika kazi hiyo. Tucano 12 zilitoka Belfast, ingawa mchoro wake wa asili ni wa Brazil. Y-12 za China zimebeba watu na mizigo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Kuanzia 2020 zikaja C-27J tatu kutoka Italia, zichukue kazi za Buffalo.

Na hapa lazima tuseme gharama nyingine. Tarehe 10 Aprili 2006, Y-12 ilianguka Marsabit ikiwa imebeba ujumbe wa amani. Watu 14 walifariki, wakiwemo wabunge. Tarehe 18 Aprili 2024, helikopta aina ya Huey ilianguka Elgeyo Marakwet ikamuua Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi, pamoja na wanajeshi wengine tisa. Ogolla mwenyewe alikuwa mwanahewa aliyefunzwa kurusha F-5. Aliingia jeshini 1984, enzi za jina lile la '82.

Kwa hivyo serikali ikitangaza ndege mpya, tusiishie kuuliza ni ya kasi gani na imegharimu pesa ngapi. Tuulize mkataba wa vipuri ni wa miaka mingapi, mafundi wangapi watafunzwa, na kumbukumbu za matengenezo zitahifadhiwa wapi. Maswali hayo hayafichui siri yoyote ya vita, na majibu yake ndiyo yanayomrudisha rubani nyumbani jioni.

Na kama una mzee nyumbani aliyewahi kuosha injini ya Caribou au kujaza mafuta Hunter pale Eastleigh, keti naye umsikilize, kisha uandike anayokwambia. Andika tarehe, andika aina ya ndege, andika na majina ya utani waliyozipa. Wanahewa wa 1964 waliobaki ni wachache, na mengi wanayoyakumbuka hayajaandikwa popote.