Uchovu wa baridi yabisi

Uchovu wa baridi yabisi ni hali ya kuishiwa nguvu inayowapata watu wenye ugonjwa huo wa viungo. Hauishi kwa kulala, wala haulingani na kazi iliyofanywa. Mtu huamka amechoka vilevile alivyolala, au huzidiwa ghafla katikati ya shughuli nyepesi, akashindwa hata kumaliza kumsuka mtoto nywele. Tafiti za nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba takriban nusu ya wagonjwa hupata uchovu mkali, na wengi husema unawasumbua sawa na maumivu au kuyazidi.

Ugonjwa wenyewe hauletwi na upepo wa usiku wala kuoga maji ya baridi. Tena ni tofauti na kuchakaa kwa magoti kunakokuja na umri. Katika baridi yabisi, kinga ya mwili hushambulia utando laini wa ndani ya viungo, hasa vya vidole, viganja na miguu, hadi vikavimba na kukakamaa asubuhi kwa saa nzima au zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa wakiishi nao, asilimia 70 kati yao wanawake. Wengi wa hao ndio wanaoamka kwanza nyumbani na kulala mwisho, na ndiyo maana uchovu wao hupewa haraka jina la uvivu. Hukumu hiyo si ya haki, na sababu ni za kimwili kabisa.

Kinga inapokuwa vitani humwaga katika damu kemikali ziitwazo saitokini, zikiwemo TNF na interlukini-6. Kemikali hizi hufika hadi kwenye ubongo na kuuamuru mwili ulale, uache kula na ujitenge. Aliyewahi kuugua malaria anaijua amri hiyo, kwa kuwa kemikali za namna hiyohiyo hufanya kazi pia wakati wa homa. Tofauti ni kwamba homa hupita kwa siku chache, ilhali baridi yabisi isiyotibiwa huendelea kutoa amri hiyo mwezi hadi mwezi.

Damu nayo huhusika, na hapa pana kosa linalofanywa mara nyingi. Uvimbe wa muda mrefu huongeza homoni ya ini iitwayo hepsidini, ambayo huyafungia madini ya chuma ghalani. Chuma kimo mwilini, lakini hakifiki panapotengenezwa damu. Mgonjwa wa namna hii anaweza kumeza vidonge vya kuongeza damu kwa miezi asione nafuu, kwa sababu kinachohitaji kutulizwa ni uvimbe. Mwingine hupungukiwa chuma kweli: dawa za maumivu za kila siku, kama diklofenaki au ibuprofeni, zimemchubua tumbo, na damu inavuja kidogokidogo bila yeye kujua. Kwetu Afrika Mashariki huongezeka malaria na minyoo ya safura. Kwa hiyo kumwambia mtu kwamba damu yake ni ndogo hakutoshi. Lazima itafutwe sababu. Vivyo hivyo hupimwa tezi ya shingo na sukari, na huulizwa kuhusu usingizi na sonona, kwani maumivu yanayomwamsha mtu kila anapogeuka kitandani humnyima vyote viwili, usingizi na furaha.

Tiba kwa muda mrefu haikuutazama uchovu huu. Kipimo kinachotumika sana, DAS28, huhesabu viungo 28 vyenye maumivu na uvimbe, lakini hakimuulizi mgonjwa moja kwa moja kama amechoka. Mabadiliko yalianza mwaka 2002, pale OMERACT, kundi la kimataifa linalopanga vipimo vya tafiti za viungo, lilipowaalika wagonjwa kwenye mkutano wake. Wao ndio walioweka uchovu mezani. Mwaka 2007 ulitolewa wito rasmi kwamba tafiti za baridi yabisi ziupime pia.

Hatua ya kwanza ni kuuzima uvimbe wenyewe. Methotreksati, dawa ya msingi, humezwa mara moja tu kwa wiki. Kuimeza kila siku kwa makosa kumewahi kuua watu. Wengine hujisikia wazito siku inayofuata, hivyo hupanga kuimeza usiku wa kuamkia siku ya mapumziko, na daktari huongeza asidi ya foliki. Prednisoloni, dawa nyingine ya kutuliza uvimbe, humtia mtu nguvu upesi, na hapo ndipo ilipo hatari yake: anayeinunua mwenyewe duka la dawa hufurahia wiki za mwanzo, kisha mifupa na misuli hudhoofika na sukari kupanda. Aliyeitumia kwa muda asiikatishe ghafla, bali aipunguze chini ya uangalizi wa daktari.

Hata uvimbe ukitulia, uchovu huweza kubaki. Mapendekezo ya mwaka 2023 ya EULAR, muungano wa Ulaya wa magonjwa ya viungo, yanatilia mkazo mazoezi na mafunzo ya kujipangia maisha. Kumwambia aliyechoka atembee huonekana ukatili, lakini misuli iliyolala hupungua, na kila kazi huwa nzito zaidi. Dakika tano au kumi za kutembea jioni zinatosha kuanzia. Huongezwa polepole, na hupunguzwa ugonjwa unapochachamaa.

Kinachowaangusha wengi ni siku njema. Nguvu zikirudi, mtu hufua mashuka yote, hukuna nazi na kudeki nyumba, kisha hulala siku mbili. Dawa yake ni kupumzika kabla ya kuchoka na kugawa kazi. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 mkononi; vidumu vya lita tano huongeza safari, lakini huokoa vidole. Shuka huachwa kwenye kamba lichuruzike badala ya kukamuliwa. Kwenye mbuzi ya kukunia nazi, kiganja hubana na kuzunguka bila kupumzika, mwendo ambao kiungo kilichovimba hakiuvumilii. Kazi hiyo apewe mwingine, au nazi ikatwe vipande na kusagwa kwa blenda. Ugali usongwe na mwenye mikono mizima, mgonjwa akichambua mboga ameketi. Mipango hii haifui dafu bila watu wa nyumbani, kwa hiyo inafaa mume, watoto au mawifi wamsikie daktari wenyewe siku ya kliniki.

Uchovu unaobadilika ghafla usingojee kliniki. Homa, kikohozi kipya au vidonda vya mdomoni kwa anayetumia methotreksati, kinyesi cheusi kama lami, kuhema kwa shida, au kukata tamaa ya kuishi: kila kimoja humpeleka mgonjwa hospitali siku hiyohiyo.