Umemuona kinyonga? Posti picha, lakini ficha mahali

Kipepeo dirishani, kinyonga kwenye mchongoma, ua usilolijua jina. Ukiona kitu kama hicho, unatoa simu, unapiga picha, unaposti. Ukiiweka kwenye iNaturalist, picha hiyo inaweza pia kuwasaidia watafiti.

Ni nini?
Ni programu ya bure. Ilianza mwaka 2008 kama kazi ya wanafunzi wa shahada ya uzamili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Marekani.

Inafanyaje kazi?
Unapandisha picha yenye tarehe na mahali. Programu inakisia jina la kiumbe, halafu watumiaji wengine wanakubali au wanasahihisha. Zaidi ya theluthi mbili wakikubaliana juu ya spishi, picha inahesabiwa kuwa inafaa kwa utafiti.

Hatari iko wapi?
Ukiwa umeiruhusu, kamera ya simu huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Kwa kiumbe adimu, hiyo ni ramani ya bure kwa majangili. Vinyonga wa Milima ya Usambara, Tanzania, hukamatwa wakauzwe nje kama wanyama wa kufuga.

Ufanye nini?
iNaturalist yenyewe huficha mahali halisi pa spishi nyingi zilizo hatarini. Kwingine, jilinde mwenyewe: zima ruhusa ya mahali kwenye kamera kabla ya kupiga, na usitaje njia wala mti kwenye maelezo. Picha ya bustanini kwako nayo ifiche mahali, maana inaonyesha unapoishi.