Maandalizi ya mtihani wa mwisho

Maandalizi ya mtihani wa mwisho ni utaratibu wa kusoma, kurudia na kujipima unaofuatwa na mwanafunzi kabla ya mtihani unaofunga kozi au ngazi ya elimu. Makala hii inautazama utaratibu huo kupitia Matogoro, eneo la Manispaa ya Songea, mkoani Ruvuma, chini ya milima inayotoa Mto Ruvuma. Hapo ndipo kilipo Chuo cha Ualimu Matogoro, ambacho wanachuo wake huandaliwa kufanya mtihani na pia kuwaandaa wengine.

Mitihani na mtahini

Mitihani ya kitaifa husimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), lililoundwa kwa Sheria Na. 21 ya mwaka 1973. Miaka miwili kabla yake nchi ilikuwa imejitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Zamani zaidi mitihani ya sekondari ilitungwa Cambridge, Uingereza. Kwa kawaida darasa la saba hufanya mtihani Septemba, kidato cha nne Novemba na kidato cha sita Mei. Kwa kidato cha nne, alama 75 na kuendelea ni A, na chini ya 30 ni F.

Kusahau na kukumbuka

Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aligundua kwamba sehemu kubwa ya kusahau hutokea katika saa za mwanzo, kisha kasi yake hupungua. Marudio yanayofanyika mapema na kupangwa kwa vipindi huzuia upotevu huo.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma mara nne. Jingine lilikisoma mara moja, kisha likajaribu mara tatu kuandika lilichokumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja walikumbuka takriban asilimia 40, na waliojipima asilimia 61. Ndiyo sababu anayekesha na daftari usiku mmoja hujiona ameiva: maneno anayatambua akiyaona, lakini hajajaribu kuyatoa kichwani.

Mbinu zinazotumika

Kwanza ni ratiba. Mada zote za muhtasari wa somo huorodheshwa, na zile ngumu hutengewa vipindi vingi vifupi badala ya siku moja ndefu. Mada iliyosomwa Jumatatu huulizwa tena Jumanne, kisha baada ya siku kadhaa, kisha baada ya wiki.

Pili ni kujibu maswali ya mitihani iliyopita kwa kuandika, saa ikiwa mezani na daftari likiwa limefungwa. NECTA hutoa pia taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zinazoonyesha maswali yaliyowashinda wengi na sababu zake. Humo hurudiwa kosa la kutoelewa swali: aliyeambiwa alinganishe hutaja, na aliyeambiwa ajadili huorodhesha.

Tatu ni kikundi cha majadiliano. Huzaa matunda kila mwanakikundi anapopewa mada ya kuwafundisha wenzake na kuulizwa maswali. Wote wakimsikiliza mjuzi mmoja, anayejifunza zaidi ni yeye. Kwa mwanachuo wa ualimu zoezi hili lina faida mbili, kwa kuwa maandalizi ya somo la mazoezi ya kufundisha humlazimu kupanga hoja, kutafuta mfano na kutabiri swali la mwanafunzi.

Nne ni lugha. Mwanafunzi wa sekondari hufanya karibu mitihani yote kwa Kiingereza, ilhali majadiliano mengi huwa ya Kiswahili. Kiswahili humsaidia kuielewa hoja, lakini asipojizoeza kuiandika kwa Kiingereza atakwama penye karatasi ya majibu.

Mwili na siku ya mtihani

Usingizi husaidia ubongo kuimarisha yaliyosomwa mchana. Kwa hiyo kukesha hupunguza faida ya saa zilizoongezwa. Katika chumba cha mtihani, mtahiniwa husoma maelekezo yote, huhesabu maswali ya lazima na ya kuchagua, hugawa muda kwa kufuata alama, kisha huanza na lile analolimudu. Anayethibitika kufanya udanganyifu hufutiwa matokeo, na miaka yote ya maandalizi hupotea pamoja nayo.