Busaa Kati ya Chungu na Sheria

Busaa ni pombe nzito, chachu, yenye rangi ya udongo, ambayo imepikwa majumbani magharibi mwa Kenya kwa vizazi kadhaa, hasa miongoni mwa Waluhya, Wajaluo, Wateso na Wakalenjin, na ambayo baadaye ilifuata wafanyakazi hadi katika mitaa ya Nairobi, Nakuru na Mombasa. Maandishi ya serikali, ya kikoloni na ya baada ya uhuru, huitaja pale panapozungumziwa ulevi, leseni au makosa ya jinai, na ni nadra kuitaja kama ufundi. Ilhali uchachu wake si dalili ya pombe iliyoharibika, bali ni kazi inayopangwa siku nyingi kabla ya kikombe cha kwanza kujazwa. Historia ya kinywaji hiki haieleweki vyema isipokuwa kwa kuanzia ndani ya chungu, kwa sababu mengi yaliyoikuta busaa nje ya chungu, tangu desturi za unywaji hadi ugumu wa kuisimamia kwa sheria, yalitokana na namna inavyochachuka.

Kazi huanza na kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa. Ulezi hulowekwa kwa siku moja au mbili, kisha hufungwa katika gunia au majani ya mgomba hadi uchipue vijimizizi vyeupe, ndipo huanikwa juani. Kuchipua huko huamsha vimeng'enya, ambavyo ni protini za mbegu zenye uwezo wa kuuvunja wanga na kuufanya sukari, na bila sukari hiyo hamira haina cha kula wala pombe haipatikani. Mahindi nayo huweza kuoteshwa, lakini wapishi wengi hupendelea ulezi kwa kuwa kimea chake kina nguvu zaidi ya kuvunja wanga, na kwa kuwa punje zake, zilivyo ndogo, hukaa ghalani miaka kadhaa bila kubunguliwa.

Wakati kimea kinakauka, unga wa mahindi hukandwa kwa maji kidogo hadi uwe donge zito, nalo hufunikwa na kuachwa kwa siku mbili hadi tano. Katika muda huo bakteria wa asidi ya laktiki, ambao ni jamii moja na wale wanaogandisha maziwa ya mala, hula sukari kidogo iliyomo katika unga na kuacha asidi, mpaka donge linapofunuliwa harufu yake ya uchachu hujaa nyumba nzima. Donge hilo halichemshwi. Humeguliwa na kutandazwa juu ya bamba pana la chuma, ambalo mara nyingi ni pipa lililopasuliwa na kunyoshwa, likawekwa juu ya moto wa kuni. Mpishi hulikaanga kwa saa kadhaa, akiligeuzageuza kwa sepetu ili lisishike chini, hadi linapokuwa vibonge vikavu vya kahawia vinavyonukia mahindi ya kuchoma. Ni hatua ya moshi na jasho, na haivumilii uzembe, kwa kuwa kilichoungua huacha uchungu usiotoka na kilichobaki kibichi hakitoi pombe ya kutosha.

Hatua hiyo ya kukaanga ndiyo inayoitofautisha busaa na pombe nyingi za nafaka, na inafaa kuangaliwa kwa makini. Moto huua sehemu kubwa ya vijidudu vilivyolichachusha donge, lakini asidi viliyoitengeneza hubaki. Wanga huiva, kwa hiyo vimeng'enya vya kimea huushambulia kwa urahisi. Na ladha ya kuchomeka, ambayo wanywaji huitambua kabla ya kitu kingine chochote, huzaliwa hapo. Vibonge vikishapoa hutiwa katika chungu au pipa pamoja na maji na kimea, na uchachukaji wa pili huanza katika maji yenye uchachu tangu mwanzo, hali inayowazuia bakteria wengi waharibifu huku hamira, inayostahimili asidi, ikistawi. Hamira yenyewe hainunuliwi dukani. Huja pamoja na kimea, na mabaki yake hukaa katika kuta za vyombo vilivyokwisha kutumika. Uchunguzi wa M. J. R. Nout uliochapishwa mwaka 1980 ulibainisha kwamba kileo cha busaa hutokana hasa na Saccharomyces cerevisiae, hamira ileile inayoumua mkate, ilhali bakteria wa jamii ya Lactobacillus huendelea kuzalisha asidi sambamba nayo. Wataalamu huuita utaratibu wa aina hii uchachushaji mseto, yaani ule unaofanywa na vijidudu vya aina nyingi kwa pamoja au kwa kupokezana, na wapishi wa busaa wamekuwa wakiuongoza kwa kunusa, kuonja na kuhesabu siku.

Jina la jumla la pombe ya kienyeji, ambalo sheria na magazeti huipa busaa, huficha jinsi viambato vyake vilivyotoka mbali na kukutana kwa nyakati tofauti. Ulezi ni mmea wa nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia, na maarifa ya kukaanga donge lililochachuka ni ya ukanda mpana zaidi ya Kenya, kwani yanaonekana katika ajono, pombe ya Wateso wa pande zote mbili za mpaka wa Uganda na hata katika marisa ya Sudan. Mahindi, kwa upande wake, ni zao la bara la Amerika, ambalo lilienea kwa kasi magharibi mwa Kenya baada ya reli kufika Kisumu mwaka 1901, pale watawala wa Nyanza, wakiongozwa na John Ainsworth tangu 1907, walipohimiza kilimo cha mazao ya kusafirishwa. Kodi ya kibanda ilihitaji fedha, fedha zilihitaji mahindi, na mahindi yaliyozidi mahitaji ya chakula na soko yaliingia katika pombe na kuchukua nafasi ya nafaka za zamani, isipokuwa katika kimea, ambako ulezi haukupata mpinzani. Kufikia miaka ya 1930, vinu vya maji vilivyomilikiwa na wafanyabiashara Waafrika vilikuwa vimeenea katika wilaya ya Kavirondo ya Kaskazini, yaani nchi ya Waluhya, na kazi ya kusaga ambayo awali ilimchosha mwanamke juu ya jiwe ikawa jambo la safari fupi na senti chache. Busaa ya mahindi, iliyokaangwa juu ya chuma cha pipa, kwa hiyo ni kinywaji cha karne ya ishirini kwa kiasi kikubwa, ingawa kimejengwa juu ya ufundi wa kale.

Sifa iliyotawala maisha ya busaa katika jamii ni kwamba haiwezi kungoja. Ikishachujwa hubaki tamu kwa siku moja, labda mbili, kisha bakteria wa siki huanza kukigeuza kileo chake kuwa asidi ya aina nyingine ambayo hakuna anayeitaka. Mtu mmoja hawezi kuinywa peke yake kabla haijaharibika, wala hawezi kuilimbikiza kama anavyolimbikiza nafaka, na ndiyo maana mwenye mavuno makubwa aliigeuza ziada yake kuwa watu: aliwaita majirani kulima shamba lake, kwa utaratibu ambao Wajaluo huuita saga, na malipo yao yakawa pombe iliyoiva siku ileile. Mpishi alilazimika kurudi nyuma kwa hesabu, kutoka siku ya palizi au ya matanga hadi siku ya kuloweka ulezi, na kosa la siku mbili lingeweza kuiaibisha nyumba nzima.

Mwanaanthropolojia Günter Wagner, aliyefanya utafiti Kavirondo ya Kaskazini katika miaka ya 1930, aliikuta pombe katika takriban kila tukio la maana, tangu mazungumzo ya mahari hadi sadaka kwa wahenga. Wazee walikizunguka chungu kimoja wakiwa na mirija mirefu iliyozidi urefu wa mkono, ncha ya kila mrija ikiwa na kichujio kilichosukwa ili makapi yasipite, na maji ya moto yakaongezwa kadiri pombe ilivyopungua. Nafasi ya kukaa karibu na chungu ilifuata umri na hadhi. Ni vyema kukumbuka, hata hivyo, kwamba waliokaa kwenye viti walikuwa wanaume kwa kiasi kikubwa na waliopika walikuwa wanawake, na kwamba maelezo mengi ya kale yanaisifu mirija bila kumtaja aliyekaanga.

Pigo la kwanza dhidi ya utaratibu huo lilitoka kwa wamisionari kabla halijatoka kwa serikali. Kanisa la Marafiki, lililofika Kaimosi mwaka 1902, liliwataka waumini waache pombe kabisa, na kwa kuwa pombe ndiyo iliyobeba kazi za ushirika, arusi na matambiko, kuiacha kulimaanisha kujitenga na chungu na pia na waliokizunguka. Serikali ya kikoloni haikuwa na ari hiyo. Mashambani iliridhika kutoa vibali kupitia machifu na kudhibiti unywaji wa vijana, lakini mijini iliona katika pombe ya nafaka jambo jingine, yaani mapato. Mapema katika miaka ya 1920, Halmashauri ya Nairobi iliiga mfumo wa Durban, Afrika Kusini, uliotokana na sheria ya Natal ya mwaka 1908, ambao kwa mujibu wake manispaa hujipa haki ya pekee ya kupika na kuwauzia Waafrika pombe, huku faida ikitumika kugharimia huduma za Waafrika haohao. Ukumbi wa pombe ulifunguliwa katika mtaa wa Pumwani, na mwanamke aliyepika chumbani kwake hatua chache kutoka hapo akawa mhalifu kwa kuuza kinywaji kilekile.

Katika miaka hiyohiyo aina nyingine ya uchachushaji iliingia nchini. Kampuni ya Kenya Breweries, iliyoanzishwa mwaka 1922 na kujenga kiwanda chake Ruaraka, ilitengeneza bia kwa hamira ya mbegu moja, mbinu iliyotokana na kazi ya Emil Christian Hansen, ambaye mwaka 1883, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alifaulu kuitenga chembe moja ya hamira na kuizalisha peke yake. Kwa mbinu hiyo bakteria wa asidi walihesabiwa kuwa adui wa bia, na uchachu ukawa kasoro. Waafrika wa Kenya walizuiwa kisheria kununua bia ya chupa hadi baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Walipoipata, waliipata pamoja na dhana kwamba kilicho safi, kilichokaa chupani na kisichobadilika ndicho cha kistaarabu. Kipimo hicho hakikuwa cha ulimwengu mzima hata Ulaya kwenyewe. Karibu na Brussels, wapishi wa lambiki, bia ya ngano na shayiri inayochachushwa na hamira na bakteria wa hewani na wa mapipa ya mbao, waliendelea na uchachushaji mseto, na mwaka 1965 amri ya kifalme ya Ubelgiji iliweka masharti ya bia inayostahili kuuzwa kwa jina hilo.

Nchini Kenya mkondo wa sheria ulikwenda kinyume. Baada ya uhuru, leseni za vilabu vya busaa ziliendelea kutolewa, na katika bonde la Mathare, Nairobi, wanawake waliotoka mashambani bila waume, bila ardhi na bila vyeti vya shule waliifanya kazi ya busaa kuwa tegemeo la nyumba zao. Mwanaanthropolojia Nici Nelson, aliyefanya utafiti huko katika miaka ya 1970, alieleza jinsi walivyouziana kwa jumla, walivyokopeshana, walivyoonyana polisi walipokaribia na walivyosaidiana kulipa faini. Mirija ilikuwa imeachwa kijijini, na mnywaji wa mjini alipimiwa kwa mkebe wa mafuta ya kupikia.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Rais Daniel arap Moi iliagiza vilabu vya busaa vifungwe, na mwaka 1980 Bunge likapitisha Sheria ya Kuzuia Chang'aa, pombe inayokenekwa, yaani inayopatikana kwa kuchemsha kinywaji kilichochacha na kuukusanya mvuke wake. Hatua hizi mbili zilikusudiwa kupunguza ulevi, lakini hapa tabia ya chungu inapaswa kuzingatiwa tena. Busaa huhitaji bamba, kuni, moshi unaoonekana kutoka mbali, mapipa makubwa na siku saba au zaidi, kisha ni lazima iuzwe mara moja. Chang'aa hutoshea kwenye chupa, haiharibiki na hufichika chini ya kitanda. Sheria iliyovikataza vyote viwili ilikiumiza zaidi kile chepesi na ikampa mpishi sababu nzuri ya kuhamia kwenye kile kikali. Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi, kwani pombe kali za vichochoroni zilianza kutiwa kemikali, na mwaka 2000 zaidi ya watu 100 walikufa mjini Nairobi kwa kunywa pombe iliyochanganywa na methanoli, kileo chenye sumu ambacho huharibu macho kabla ya kuua.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 iliifuta ile ya 1980 pamoja na Sheria ya Leseni za Vileo, na busaa ikarudi kuwa halali kwa masharti ya leseni, usafi na ufungaji. Katiba ya mwaka huohuo ilizipa serikali za kaunti mamlaka ya kutoa leseni hizo, kwa hiyo tangu 2013 mpishi wa Kakamega na mwenzake wa Nairobi wako chini ya kanuni tofauti. Masharti mengi, hata hivyo, yamekadiriwa kwa kinywaji ambacho uchachukaji wake umekwisha kabla hakijatoka kiwandani, ilhali busaa inayoonjwa na mkaguzi asubuhi si ile itakayonywewa jioni: kileo kimepanda, sukari imepungua na asidi imeongezeka. Wapishi wengi wamebaki nje ya leseni, wakipatana na afisa wa eneo lao kama mama zao walivyopatana na askari wa manispaa.