Kubadili sesheni kwenye Linux bila kupoteza kazi

Chukulia steshenari yenye kompyuta moja pale Himo. Mteja ameandika barua ya maombi ya kazi, ametoka mara moja kupokea simu. Kijana wa dukani anaona mashine ni nzito, anabonyeza kutoka ili abadili muonekano wa skrini. Barua haikuwa imesevuwa. Mteja akirudi, hakuna kitu.

Hali kama hii inaweza kumkuta yeyote aliyeanza kutumia Linux karibuni. Tangu Microsoft isitishe huduma za kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, Linux ni njia mojawapo ya kuendelea kutumia kompyuta za zamani zisizokubali Windows 11. Ila kuna neno moja linalowachanganya wageni: sesheni.

Sesheni ni nini?

Ni kipindi chote kuanzia mtumiaji anapoingiza nenosiri hadi anapotoka. Kwenye Linux, kompyuta moja inaweza kuwa na eneokazi zaidi ya moja, na mtumiaji huchagua la kutumia kabla ya kuingia. GNOME na KDE Plasma zina mambo mengi, Xfce na LXQt ni nyepesi.

Anayeijua Himo ataelewa haraka. Gari likitoka Moshi, hapo ndipo njia zinapogawanyika: kuna ya kupanda Marangu, ya kwenda Holili mpakani, na ya kushuka Mwanga na Same. Ukishafika Mwanga huwezi kujikuta Marangu bila kurudi njiapanda. Kwenye Linux, njiapanda ni ukurasa wa kuingia. Na mzigo ni uleule: nyaraka, picha na nyimbo zilizohifadhiwa hubaki palepale, eneokazi lolote litakalochaguliwa.

Hatua za kubadili

1. Hifadhi kila kazi, kisha funga programu zote.
2. Chagua kutoka, yaani Log Out. Kompyuta isizimwe.
3. Kwenye ukurasa wa kuingia, bonyeza jina la mtumiaji, lakini usiandike nenosiri kwanza.
4. Tafuta alama ya sesheni. Kwenye Ubuntu ni gurudumu dogo lenye meno, chini kulia. Kwenye Linux Mint ni alama ndogo karibu na jina la mtumiaji.
5. Chagua eneokazi, andika nenosiri, ingia.

Mfumo hukumbuka chaguo la mwisho, hivyo hakuna haja ya kurudia kila siku. Kompyuta inayoingia yenyewe bila nenosiri hairuki hatua hizi: mtumiaji akitoka, ukurasa wa kuingia utaonekana.

Mbona alama haionekani?

Mara nyingi ni kwa sababu kuna sesheni moja tu. Kwenye Ubuntu, eneokazi la Xfce huongezwa kwa kuandika amri hii kwenye terminali, intaneti ikiwa imewashwa:

sudo apt install xfce4

Bando liwe la kutosha, maana mafaili ni mengi. Kwenye Ubuntu 24.04 orodha inaweza pia kuonyesha "Ubuntu" na "Ubuntu on Xorg". Eneokazi ni lilelile, tofauti ni mfumo unaochora skrini. Kuanzia Ubuntu 25.10, chaguo hilo la pili limeondolewa.

Vitufe vitatu visivyofanana

Kufunga skrini: programu zinaendelea, mtu mwingine hawezi kuona bila nenosiri. Mteja akitoka kidogo, hiki ndicho cha kubonyeza.

Kubadili mtumiaji: mtu wa pili anaingia kwa jina lake, huku kazi za wa kwanza zikibaki wazi nyuma. Zinaendelea kula RAM, na kompyuta ikizimwa, kisichohifadhiwa kinapotea.

Kutoka: programu zote za mtumiaji huyo zinafungwa. Baadhi huuliza kama kazi ihifadhiwe, nyingine haziulizi. Kuzitegemea ni kubahatisha.

Skrini ikibaki nyeusi

Wakati mwingine sesheni mpya inakataa kufunguka. Hapo hakuna haja ya kupiga Linux upya. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Utatokea ukurasa wa maandishi matupu. Andika jina la mtumiaji na nenosiri; herufi za nenosiri hazitaonekana, ni kawaida. Kisha andika:

sudo reboot

Kompyuta ikiwaka, rudi kwenye alama ya sesheni na uchague ile ya zamani. Ndiyo maana haifai kufuta eneokazi la kwanza kabla ya kulitumia jipya kwa siku kadhaa.

Matarajio yawe ya kweli

Eneokazi jepesi husaidia mashine yenye RAM ndogo, ila halibadilishi uzito wa kivinjari. Kurasa ishirini zikiwa wazi, mashine ya GB 4 itakwama tu, iwe kwenye GNOME au Xfce.

Kwa kompyuta ya watu wengi, utaratibu salama ni mfupi: kila mtu awe na jina lake la kuingilia, na kabla ya yeyote kubonyeza kutoka au kuzima, aulize kwanza kama kuna kazi ya mtu iliyo wazi. Kisha Ctrl na S.