Ngoi, Leso na Kibebeo cha Mitumba: Safari ya Mtoto Mchanga hadi Mukuru kwa Reuben

Nairobi haikujengwa kwa kumfikiria mtoto mchanga. Reli ilipofika hapa mwaka 1899, walichotaka wakubwa wa mji kutoka kwa Mwafrika kilikuwa nguvu zake tu: mwanamume aje peke yake, apangiwe kitanda katika chumba cha makapera, amalize mkataba, arudi kwao. Hata mwaka 1954, Kamati ya Carpenter ilipotoa ripoti juu ya mishahara ya Waafrika, hoja yake kubwa ilikuwa kwamba mfanyakazi wa mjini analipwa kama mtu asiye na mke wala watoto. Mwanamke aliyeingia Nairobi na mtoto alilazimika kumbeba popote alipokwenda, kwa sababu mji haukumtengea mtoto huyo mahali.

Ndiyo maana ukitaka kujua wanawake wa jiji hili wamefanya kazi gani kwa miaka mia moja na ushei, tazama walivyobeba watoto wao. Na mahali pa kutazamia ni Mukuru kwa Reuben.

Mtaa huu uko Embakasi Kusini, umebanwa kati ya Viwandani na Mukuru kwa Njenga, viwanda upande mmoja na Mto Ngong ukipita na taka zake. Ardhi hii iliwahi kuwa mashamba ya walowezi. Katika miaka ya 1980 vipande vingi viligawiwa watu binafsi kwa sharti la kujenga viwanda vidogo. Viwanda vingi havikujengwa, na badala yake zikaota nyumba za mabati za chumba kimoja kimoja, zikapangishwa watu waliotaka kuishi karibu na kazi. Vichochoro vyake ni vyembamba, mitaro iko wazi, na mvua ikinyesha tope hufika kifundoni. Kigari cha mtoto hakina njia hapa. Mtoto hubebwa mwilini.

Wazazi wa mtaa huu walitoka pande nyingi, na kila upande ulikuwa na mbeleko yake. Kwa Wakikuyu ilikuwa ngoi, ngozi ya mnyama iliyolainishwa ikafungwa ili mtoto akae mgongoni huku mama akilima au akichota maji. Pwani, mbeleko ilikuwa nguo, na heshima yake ilifika hadi kwenye posa: bwana harusi alitoa mkaja na mbeleko kumshukuru mama mzazi wa bibi harusi kwa kumzaa na kumbeba mgongoni. Kazi ya kulea ilitambuliwa waziwazi, ikatengewa malipo yake.

Ngozi ilianza kushindwa na pamba katika karne ya 19, misafara ya biashara ilipopeleka bara marobota ya merikani, kitambaa kigumu cha pamba kilichoanza kuletwa kutoka Marekani. Huko pwani, wanawake walianza kununua leso za mkononi zilizotiwa rangi na kuziunganisha kwa sindano hadi zikawa nguo moja pana, ambayo nayo ikaitwa leso. Masimulizi ya wenyeji yanasema sita zilitosha. Wafanyabiashara waliona soko. Duka la Kaderdina Hajee Essak lilifunguliwa Mombasa mwaka 1887, na chapa yake ya Mali ya Abdulla ikaenea kwenye pindo za leso Afrika Mashariki nzima. Leso moja ina urefu wa karibu mita moja na nusu na upana wa mita moja na kitu, na huuzwa kwa doti, mbili mbili. Kipimo hicho kilimfaa mama kuliko alivyokusudia mfanyabiashara yeyote: moja ya kumfungia mtoto, ya pili ya kumfunikia au kujifunga kiunoni.

Leso iliingia Nairobi mapema pamoja na watu wa pwani na wanawake wa Kiislamu waliojenga maisha Pangani na Pumwani. Pumwani ndiko pia ilikofunguliwa hospitali ya kujifungulia mwaka 1926, ikiitwa Lady Grigg, jina la mke wa gavana wa wakati huo. Upande wa pili wa mji, yaya wa Kiafrika alisukuma kigari cha mtoto wa mzungu kwenye barabara zenye miti, na mara nyingi mtoto wake mwenyewe alikuwa kijijini kwa nyanyake. Wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya vita vya Mau Mau, njia za kuingia mjini zilibanwa zaidi. Msako wa Operesheni Anvil wa Aprili 1954 uliwazoa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru kutoka Nairobi.

Uhuru ulipofungua milango, wanawake walikuja kwa wingi, na leso zao mgongoni. Baridi ya Juni na Julai iliwafundisha kuongeza shali ya sufu juu ya leso. Ufungaji wa kawaida ukawa ule unaoonekana hadi leo: mama huinama, mtoto hulala kifudifudi mgongoni, ncha moja ya leso hupita begani na nyingine chini ya kwapa, fundo hukazwa kifuani. Miguu ya mtoto hukaa imetanuka kama ya chura, na mkao huo una faida yake. Mwaka 2014 madaktari nchini Malawi walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kasoro ya nyonga ni nadra sana kwa watoto wa huko, wakaihusisha hali hiyo na desturi ya kubebwa mgongoni.

Wageni walikuwa wameona faida nyingine mapema zaidi. Katika miaka ya 1960 muuguzi Mmarekani, Ann Moore, alifanya kazi Togo kama mfanyakazi wa kujitolea wa Peace Corps. Aliona watoto watulivu migongoni mwa mama zao, akarudi kwao akajaribu kumfunga bintiye vivyo hivyo. Mtoto aliteleza. Mama yake Ann, Lucy Aukerman, akamshonea mfuko wenye mikanda, na mwaka 1969 wakapata hataza ya kibebeo walichokiita Snugli. Viwanda vingine vikafuata. Kenya ilipolegeza masharti ya kuingiza nguo kuukuu mwanzoni mwa miaka ya 1990, vibebeo vya namna hiyo vikaanza kufika soko la Gikomba ndani ya marobota ya mitumba, na kutoka hapo vikatandazwa kando ya barabara za Eastlands. Ufundi uliotoka mgongoni mwa mama wa Kiafrika ukarudi Afrika ukiwa na vifungo vya plastiki.

Kwa hiyo mama wa Mukuru kwa Reuben leo ana la kuchagua, na kazi ndiyo inayomwamulia. Anayefua nguo South B au Imara Daima huinama saa nyingi juu ya beseni. Yeye humtaka mtoto mgongoni, na leso ndiyo inayokaza bila kuning'inia. Anayepanda matatu hupenda kibebeo cha mikanda mbele, amwone mtoto wake katika msongamano na aweke mkono kwenye pochi. Anayekaanga samaki au mandazi humweka nyuma, mbali na mafuta ya moto. Kibebeo cha mitumba hukaguliwa kwanza: mishono ya mabega, vifungo, na kitako kipana kinachoshika paja hadi paja.

Mtoto wa siku chache ana sheria zake. Shingo haijakaza, kwa hiyo hubebwa mikononi au kifuani, uso ukionekana, pua na mdomo wazi, kidevu kisigandamane na kifua. Mgongoni hungoja shingo ikomae. Mila ya pwani ilimpa mama arobaini ndani ya nyumba, akikandwa na kulishwa uji. Kibarua wa Mukuru mara nyingi hana arobaini hiyo. Kodi ya nyumba haingoji.

Kifua hicho hicho kimekuwa dawa hospitalini. Mwaka 1978, huko Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alianza kuwafunga watoto njiti kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kwa sababu mashine za kuwapasha joto hazikutosha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kutoka nchi tano, Tanzania ikiwamo, ulikuta kwamba kuanza mara tu baada ya kuzaliwa kunapunguza vifo vya watoto hao kwa robo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza iwe hivyo, saa 8 hadi 24 kila siku.

Penye pengo ni kazini. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo yenye mshahara kamili, lakini anayeokotwa getini asubuhi na kulipwa jioni haioni. Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri watenge chumba cha kunyonyeshea. Kiwandani leso haisaidii, maana mtoto haruhusiwi kuvuka geti. Mama humwacha kwa jirani anayelea watoto wengi katika chumba kimoja cha mabati. Si kwamba mtaa haujapangiwa kitu: mwezi Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, lenye zaidi ya kaya 100,000, na wakazi walishiriki kuandaa mpango wa barabara, maji, afya na shule.

Mpango huo utekelezwe kikamilifu, na vituo vya kulelea watoto vipewe kiwanja na wakaguzi kama zinavyopewa shule. Wenye viwanda vya Barabara ya Enterprise na Lunga Lunga nao wafungue vyumba ambavyo sheria imewadai tangu 2017. Na wewe msomaji, ukienda kumpongeza aliyejifungua, muulize kwanza anarudi kazi gani na lini, ndipo ununue. Kama huwezi kuuliza, mpelekee doti nzima ya leso za pamba nzito: moja itakuwa inafuliwa wakati nyingine imembeba mtoto.