Sabuni, Maji na Wembe: Historia ya Kunyoa Katika Kisiwa cha Mombasa

Leo tutazungumzia jambo linalofanyika katika nyumba nyingi za Mji wa Kale, kuanzia Kibokoni hadi Kuze, lakini ambalo ni nadra kulizungumza tukiwa kliniki. Jambo lenyewe ni kunyoa kwa wembe. Baba ananyolewa ndevu kwa kinyozi, na mtoto mchanga ananyolewa nywele alizozaliwa nazo. Je, ni sabuni gani inayofaa? Na je, sabuni peke yake yatosha kumlinda mtoto? Ili tujibu vizuri, yatubidi turudi nyuma tuone maji, sabuni na wembe vilifikaje mikononi mwetu.

Tuanze na methali tunayoijua sote: "Mwenzako akinyolewa, chako tia maji." Kwa kawaida twaitumia kumuonya mtu ajitayarishe. Lakini ukiisikiliza vizuri, methali hii pia ni historia. Yatueleza namna wazee wetu walivyonyoa: kichwa kilirowanishwa kwanza, ndipo wembe ukapita. Methali yataja maji, sabuni haimo.

Hata maneno yenyewe yatuonyesha njia. "Wembe" na "kunyoa" ni maneno ya Kibantu, ya asili yetu. "Sabuni" ni neno lililotoka kwa Kiarabu, likaja na biashara ya baharini. "Brashi" limetoka kwa Kiingereza. Kwa hivyo wembe tulikuwa nao, sabuni ikaja na jahazi, na brashi ikaja na meli. Kila kimoja kilikuja na faida yake, na baadhi vilikuja na hatari yake.

Sasa tutazame maji. Mwaka 1331 msafiri maarufu wa Morocco, Ibn Battuta, alipita Mombasa akielekea Kilwa. Alilala hapa usiku mmoja tu, lakini aliyoyaona aliyakumbuka. Alisimulia kwamba milangoni mwa misikiti kulikuwa na visima vifupi, na watu waliteka maji kwa chombo cha mbao chenye mpini mwembamba. Aliyetaka kuingia msikitini aliosha miguu kwanza, kisha akaipangusa kwenye mkeka mzito uliowekwa mlangoni. Basi usafi katika kisiwa hiki haukuletwa na mtu juzi. Ni jambo la karne nyingi.

Lakini maji ya visima vya kisiwa yana tabia yake. Bahari imetuzunguka, kwa hivyo visima vingi vina chumvichumvi. Kila mama aliyewahi kuoga au kufua kwa maji ya kisima anajua: unasugua sabuni, povu halitoki, na badala yake wapata utando mweupe unaoganda kwenye ngozi na kwenye beseni. Chumvi na madini yaliyomo katika maji hushikana na sabuni kabla haijafanya kazi yake. Mwaka 1957 bomba kubwa lililotoka chemchemi za Mzima, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa, lilileta maji matamu Mombasa. Hata hivyo, mifereji ikikauka, wengi wetu hurudi kwa maji ya kisima au hununua mitungi ya mkokoteni.

Hapo ndipo mnazi wetu unapoingia katika hadithi. Sabuni nyingi hushindwa na maji ya chumvi, lakini sabuni iliyotengenezwa kwa mafuta ya nazi hutoa povu hata katika maji ya bahari. Ndiyo maana mabaharia wa zamani walitengenezewa sabuni ya mafuta ya nazi waitumie melini. Ubaya wake ni kwamba mafuta ya nazi yakizidi sana katika sabuni, ngozi hukauka na kuwasha. Kwa hivyo sabuni nzuri huchanganya mafuta ya nazi na mafuta mengine yaliyo mazito zaidi.

Sabuni za viwandani zilienea duniani mwishoni mwa karne ya 19. Sunlight ilianza kuuzwa Uingereza katika miaka ya 1880, na Lifebuoy ikafuata katika miaka ya 1890. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Ziwa Victoria mwaka 1901, na bidhaa zilizoshushwa hapa zikapata njia ya kwenda bara. Mwaka 1911 ikaundwa kampuni ya Magadi Soda, na magadi ya nchi yetu, ambayo ni mojawapo ya malighafi ya sabuni na vioo, yakawa yateremka kwa reli hadi bandarini kwenda ng'ambo.

Sasa, mama, sabuni hufanya kazi gani wakati wa kunyoa? Unywele mkavu ni mgumu. Ukilowa maji kwa dakika chache, hulainika na kukatika kwa urahisi. Lakini maji hutiririka na kukauka upesi. Povu zito la sabuni huyashikilia maji yale yasiondoke, na hufanya wembe uteleze bila kukwaruza. Basi sabuni nzuri ya kunyolea huijui kwa harufu wala kwa rangi ya karatasi yake. Huijua kwa povu. Lisugue kiganjani kwa maji yale yale unayotumia nyumbani. Likiwa na mapovu makubwa yanayopasuka mara moja, halifai. Likiwa zito kama tui la kwanza, na likikaa dakika kadhaa bila kukauka, hilo lafaa.

Kwa baba, sabuni iliyotengenezwa hasa kwa kunyolea ndiyo bora, kwa sababu imechanganywa ili povu lake lidumu. Wanaotaka kujua mafuta yaliyotumika ni ya mnyama au ya mmea wasome maandishi ya pakiti, au wamuulize muuza duka. Kwa mtoto mchanga, chagua sabuni ya kuogea ya watoto, isiyo kali na isiyo na manukato mengi. Ngozi yake ni nyembamba kuliko yako. Usimpake sabuni ya unga, wala sabuni ya kipande ya kufulia, wala sabuni ya dawa yenye ukali. Hizo huchoma ngozi na macho. Ukimaliza, suuza vizuri kwa maji safi, mpanguse, umpake mafuta kidogo.

Mpenzi msikilizaji, kuna kisa kimoja ambacho kila mwenye kununua vyombo vya kunyolea anafaa kukijua. Katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, wanajeshi na raia wa Uingereza na Marekani walianza kutokwa na vidonda vyeusi usoni na shingoni. Wengine walikufa. Madaktari walipochunguza waligundua kwamba ni kimeta, ule ugonjwa unaoua ng'ombe na mbuzi. Kimeta hicho kilikuwa ndani ya brashi za kupakia povu. Kabla ya vita, manyoya ya kutengenezea brashi yalisafishwa kwa makini. Vita vilipovuruga biashara, brashi rahisi za manyoya ya farasi ziliuzwa bila kusafishwa ipasavyo. Mwaka 1920 Uingereza ilipiga marufuku kuingiza brashi za kunyolea kutoka Japani.

Tunajifunza nini? Wale watu walikuwa na sabuni, na povu lao lilikuwa zuri. Lakini povu lilipakwa kwa chombo kichafu. Hata leo, brashi moja inayopita nyuso na vichwa vya watu wengi yaweza kueneza vibarango na majipu. Kwa mtoto, usitumie brashi kabisa. Mkono wako uliooshwa kwa maji na sabuni ndio brashi bora.

Sasa tufike kwenye wembe wenyewe. Wembe wa zamani ulikuwa mmoja kwa miaka mingi. Ulinolewa kwenye kinoo, ukapigwa kwenye ukanda wa ngozi, ukanyoa baba, mjomba na jirani. Mwaka 1903 kampuni ya Mmarekani King Camp Gillette ilianza kuuza wembe mwembamba wa kutumia na kutupa. Wembe wa namna hiyo ulienea hata kwetu, na leo kila duka la mtaani lauza. Vinyozi wengi wanaotumia wembe wa kukunja huvunja wembe mpya na kutia kipande kwenye mpini. Hayo ni maendeleo makubwa, lakini yana faida ikiwa tu wembe unatupwa baada ya kichwa kimoja.

Nchini Kenya, ugonjwa wa UKIMWI ulitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1984, na mwaka 1999 serikali ikautangaza kuwa janga la kitaifa. Tangu hapo watu wengi wamejifunza kutochangia wembe. Lakini kuna virusi vingine ambavyo havitajwi sana, navyo ni vya homa ya ini aina ya B. Virusi hivi huishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, hata katika tone la damu lililokauka ambalo jicho halilioni. Mtu mzima akivipata, mara nyingi mwili hupambana navyo ukapona. Mtoto akivipata kabla ya kutimiza mwaka mmoja, watoto 80 hadi 90 katika kila 100 hubaki navyo kwa muda mrefu, na baadaye vyaweza kuharibu ini.

Hapa, mama, nakuomba unisikilize kwa makini. Kwa desturi, jamaa nyingi za Mji wa Kale humnyoa mtoto siku ya saba, akifanyiwa akika, na nywele zake kupimwa ili sadaka itolewe. Wengine husubiri siku ya arobaini. Tangu mwaka 2001 watoto wa Kenya hupata kinga ya homa ya ini aina ya B ndani ya chanjo ya penta, ambayo huanza wiki ya sita. Wiki sita ni siku 42. Hesabu mwenyewe. Siku ya saba, mtoto hajapata chanjo hiyo. Siku ya arobaini pia, hajaipata. Kwa hivyo siku anayonyolewa, kinga yake ni uangalifu wako.

Hatusemi desturi iachwe. Ni desturi njema, na furaha yake ni ya jamaa nzima. Tunasema ifanywe kwa usalama. Ikiwa mtoto amezaliwa kabla ya wakati, ni mdogo sana, au ni mgonjwa, muulize muuguzi, kisha uzungumze na wazee na imamu wako kuhusu kusubiri. Ikiwa ni mzima, fuata haya:

1. Nunua wembe mpya wewe mwenyewe, na ufunguliwe karatasi mbele yako. Hata akiwa anayenyoa ni bibi au somo unayemheshimu, mpe wembe huo kwa adabu: "Bibi, huu hapa wa mjukuu wako." Hakuna atakayeona umemvunjia heshima.

2. Anayenyoa aoshe mikono kwa sabuni na maji safi. Kama ana kidonda mkononi, amuachie mwingine.

3. Rowanisha nywele kwa maji ya vuguvugu, kisha paka povu kwa mkono. Maji ya kisima yakikataa povu, chemsha maji matamu kidogo uyaweke yapoe kwa kazi hii.

4. Mtoto ashikwe vizuri, na mwanga uwe wa kutosha. Wembe usikandamizwe, hasa juu ya utosi ambapo mfupa haujafunga.

5. Wembe mmoja, kichwa kimoja. Mapacha ni vichwa viwili, kwa hivyo ni nyembe viwili. Ukimaliza, uutie kwenye kopo gumu lenye kifuniko, mbali na watoto.

6. Kama jamaa yenu yashikilia wembe wa zamani usiotupwa, uoshwe kwa sabuni na maji, kisha uchemshwe kwa dakika 20. Kuupangusa kwa spiriti mara moja hakutoshi.

7. Mtoto akikatwa, bonyeza kwa kitambaa safi mpaka damu isimame. Usipake shabu, majivu wala unga wa kahawa. Jiwe la shabu la kinyozi hugusa damu za watu wengi.

8. Ikitokea mtoto au mtu mzima amekatwa kwa wembe uliotumiwa na mwingine, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita, na kila saa unayowahi ni faida.

9. Wiki ya sita ikifika, mpeleke mtoto kliniki akapate penta, kisha umrudishe wiki ya 10 na ya 14.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Lakini huyu wa siku saba hajaulilia. Sisi ndio tunaompelekea. Basi tumpelekee ulio mpya, na povu laini, na maji safi. Sabuni yalainisha unywele na kuitunza ngozi, lakini haiwezi kuusafisha wembe uliobeba damu ya mtu mwingine.

Mweleze na jirani yako haya uliyoyasikia, hasa mwenye mimba au aliyejifungua karibuni.